Mtoro wa Futi Sita

Koplo Eliphalet Spooner alipewa ukarani wa kikosi kwa mwandiko wake, si kwa ushujaa, na jambo hilo halikumsumbua hata chembe. Vita na Waingereza ilikuwa imeingia mwaka wa pili, kambi ilikuwa kando ya Ziwa Ontario, na kazi yake ilikuwa kuandika daftarini sura ya kila askari: urefu, macho, nywele. Kasoro yake ilikuwa moja tu: hakujua kumnyima mtu neno zuri.

"Niongezee inchi mbili, Koplo," alisema Zenas Whitcomb, akijiinua kwa ncha za vidole. "Karatasi haitavunjika."

"Mbili tu?"

"Basi tia futi sita, tumalize. Na macho andika ya buluu."

"Zenas, macho yako yana rangi ya matope!"

"Matope yaliyopigwa na jua. Andika, bwana wee!"

Akaandika. Aliyefuata akataka mabega mapana, na mwenye upara akaandikiwa nywele za mawimbi. Hadi jioni, kikosi kizima kilikuwa cha watanashati.

Mwezi wa Julai Zenas akatoweka. Kapteni Thurlow akafoka, akaandika "mtoro" mbele ya jina lake, akanakili sura yake kutoka daftarini na kuipeleka gazetini: anatafutwa mtu wa futi sita, macho ya buluu, uso wa kupendeza, atakayemleta atazawadiwa. Eliphalet akalisoma tangazo. Aseme nini? Kwamba Zenas alimfikia Kapteni kifuani? Akalikata gazetini, akalitia mfukoni.

Wiki haikuisha, watu watatu walikwisha kuletwa. Wa kwanza alikuwa mwalimu wa shule. Wa pili alikuwa muuza farasi, aliyetukana tangu langoni hadi hemani. Wa tatu alikuwa mhubiri kijana, mrefu kama mlingoti, amefungwa kamba na wazee wawili wa kanisa lake mwenyewe.

"Siye," alisema Eliphalet.

"Mtazame tena, mwanangu," mmoja wa wazee akambembeleza. "Mahubiri yake huchukua saa tatu nzima. Mkikaa naye kidogo hatutaudhika."

Kapteni akageuka polepole. "Koplo, huyu Whitcomb ana urefu gani hasa?"

Kuficha kulikuwa kumemchosha Eliphalet kuliko adhabu yoyote. "Futi tano na inchi moja, afande. Akivaa viatu."

Papo hapo zikasikika kelele langoni. Mlinzi alikuwa akimzuia mtu mfupi aliyebana jibini zima kwapani.

"Whitcomb ni pande la mtu," mlinzi alikuwa akisema. "Wewe nenda zako, babu."

"Ndiye mimi! Nimekuja kujikamata mwenyewe, nawe unanikatalia?"

Akaletwa. Alieleza bila kupepesa macho kwamba mkewe, Mehitabel, alimwandikia kuwa ana mimba ya miezi minane na majani ya ng'ombe yanaozea shambani. Aliomba ruhusa, sajenti akamcheka. Basi akaenda, akakata, akajaza ghala, akarudi.

Watoro walikuwa wakipigwa risasi, na wote waliokuwapo walilijua hilo. Kapteni akamtazama Zenas, akalitazama jibini, akamtazama mhubiri aliyekuwa bado kambani. Kisha akachukua kalamu, akafuta "mtoro", akaandika "amerejea kwa hiari".

"Siku kumi mahabusu. Jibini libaki hapa. Nawe Koplo, kesho utawapima upya watu wote themanini, kwa kijiti, mlangoni pa zizi."

Watu wakanuna, wakapimwa, wakampachika majina yasiyoandikika. Eliphalet alivumilia. Jioni alikwenda mahabusu na karatasi, kumwandikia Zenas barua ya nyumbani.

"Mwambie nimefika salama," Zenas alisema. "Na lile tangazo la gazeti likunje humo ndani."

"Mkeo atajua si wewe."

"Atajua, na atacheka mpaka ashike mbavu. Miezi hii hajapata cha kumchekesha."

Eliphalet akalikunja tangazo vizuri, akalitia ndani ya barua, akaifunga kwa lakiri.