Kisanduku Kati ya Vibuyu

Mimi nina hasira, na sitaificha. Anayetaka maneno laini aende kwingine.

Alikuja msichana wa mradi, Cynthia, na gari kubwa jeupe. Akatukusanya sisi wafugaji wa kijiji hiki, nje kidogo ya Garsen, akatueleza habari za hewa. Dunia inapata joto, akasema, kwa sababu hewa ukaa imezidi huko angani, ndiyo maana mvua imetupa mgongo misimu minne. Hapo alisema kweli. Kisha akagawa majiko ya kuokoa kuni, akatoa na kisanduku kimoja cheupe cha kupimia moshi. Kijiji kitakachopunguza moshi zaidi kwa miezi mitatu kitachimbiwa kisima.

Kisima! Mnajua kisima ni nini kwetu? Kufuata maji ya mto ni kutembea tangu alfajiri hadi adhuhuri, na ng'ombe aliyekonda huanguka njiani. Wangu walikuwa ishirini na mmoja. Siku ile ya Cynthia walibaki watatu.

Shemeji yangu Roba, mwenyekiti wetu, akasema kisanduku kikae kwa Darmi, yaani mimi, nyumba yangu ni safi. Nikavimba kichwa. Cynthia akasema nikitundike mahali pazuri tu, watoto wasikiguse. Haya, katika nyumba yetu sisi Waorma mahali pazuri ni wapi? Si pale kwenye vibuyu vya maziwa? Pale mtoto hathubutu kunyoosha mkono. Mgeni wa heshima nimweke wapi, mlangoni na kuku? Nikakitundika katikati ya vibuyu vyangu sita.

Na kila asubuhi, kama alivyofanya mama yangu na mama yake, nilichoma vijiti, nikavitia ndani ya kibuyu, moshi ukajaa, nikafunika. Kibuyu kisichofukizwa huoza, na maziwa yake hayafiki sokoni. Kupika nilipikia jiko lao, wallahi, tena nje. Lakini kufukiza sikukuhesabu kuwa moshi. Kwetu kufukiza ni kuosha chombo. Kitaa cha kile kisanduku kilikuwa kikiwaka chekundu kila nilipofukiza, nami nikafurahi kwamba kinafanya kazi.

Juzi Cynthia akarudi na karatasi. Gari likasimama karibu na watu, injini inanguruma, dereva ndani na vioo amevifunga, anakula baridi. Cynthia akasoma. Nyumba ya Mama Diba, ndiyo yangu mimi, ina moshi kuliko zote zilizopimwa katika vijiji vyote, kuliko hata barabara ya mjini yenye malori. Kisima kinakwenda kijiji kingine.

Watu wote wakanigeukia. Roba alinitazama kama mwizi wa mbuzi.

"Shemeji," akasema, "umetumaliza."

Niliona aibu, ndiyo. Kosa lilikuwa langu na kiu ni ya wote. Lakini aibu ile haikukaa, hasira iliisukuma nje. Nikaingia ndani, nikatoka na kile kisanduku.

"Mama, tafadhali, hicho usikiguse..." Cynthia akaanza.

"Nyamaza kwanza, mwanangu!"

Nikakipeleka nyuma ya gari, nikakiweka penye bomba la moshi. Kitaa kikawa chekundu papo hapo.

"Gari hili linanguruma tangu ufike, mtu mmoja apate baridi. Andika na hiyo! Hewa ukaa iliyotufukuzia mvua, nani ameichoma? Mimi ninayefukiza vibuyu? Nina gari? Nina kiwanda? Ndege nimepanda lini? Nyinyi mchome mafuta, mvua itukimbie sisi, halafu mje kutunusa majumbani!"

Dereva akazima injini. Cynthia akainamisha kichwa.

"Nisamehe, mama," akasema polepole. "Nitaomba tupime upya kwa mwezi mmoja. Ila mwezi huo usifukize. Maziwa uyauze hivyo hivyo."

Maziwa! Nilirudi ndani mbio, nikaleta kibuyu kimoja, nikamtia mikononi.

"Mimina."

Akafungua kifuniko, akakigeuza kibuyu juu chini. Hata tone halikutoka.

"Ng'ombe wangu wa mwisho alikufa wiki ya tatu baada ya wewe kuondoka," nikamwambia. "Maziwa niyatoe wapi? Muda wote huo nimefukiza vibuyu vitupu, visipasuke, visinuke, ili siku mvua ikirudi nisiwe mwanamke asiye na chombo. Huo ndio moshi uliokuja kutusomea."

Roba akatazama chini. Cynthia akalia, na mimi sikumbembeleza. Baadaye alipiga simu kwa wakubwa wake, akaongea sana, akakata. Karatasi ilikwisha pitishwa, akasema.

Kisima kinachimbwa kwingine. Leo asubuhi nimefukiza vibuyu vyangu, vyote sita.