Kihungari Kisichokua

...na amecheka, si kicheko cha dharau, kicheko kidogo tu cha puani, lakini nimekisikia na masikio yangu yakawaka moto, maana nimemsalimia binti wa miaka ishirini na ushee "csókolom", nabusu mkono wako, salamu ya mtoto kwa mkubwa, shikamoo ya watu hawa, mimi Živan mwenye mvi na miaka arobaini na minane nimempa shikamoo mtoto ambaye ningeweza kumzaa, hapa dirishani kwenye ubalozi mdogo wa Hungari, Subotica, Serbia, na foleni nzima nyuma yangu imesikia, na yeye, Réka, jina liko kwenye kibandiko kifuani, ameniambia tu, "Karibu ukae, baba," akavuta bahasha yangu akaanza kupekua, na mimi nimekaa kama mwizi wa kuku, wakati Mwalimu Lajoš, yule mstaafu anayetunoa sisi wa Kikinda kila Jumanne kwa ajili ya mahojiano haya ya uraia, alitupigia kelele hadi sauti ikamkauka, ukifika sema habari za asubuhi bibie, nikaikariri ndani ya basi njia nzima, habari za asubuhi bibie, habari za asubuhi bibie, mpaka jirani yangu wa kiti akaniuliza kama naumwa, na nilipofungua mdomo ikatoka nyingine, ile ya jikoni, ambayo sikuiita wala sikujua kwamba bado ipo... sasa amefika kwenye cheti cha bibi, anakisoma kwa kidole, Etelka, kazaliwa mji wa Ada mwaka elfu moja mia tisa na kumi na nne, Ada ikiwa bado ya Hungari, kabla mpaka haujahama na kumwacha yeye palepale kitandani kwa mama yake akiwa mtoto wa nchi nyingine, na mimi napita hapohapo, juu ya mgongo wake, bila yeye mimi si kitu hapa dirishani, cheti chake na lugha yake ndiyo mizigo miwili wanayoitaka, basi, hawaulizi umesoma wapi, wala kwangu wangepata nini, mimi sikusoma, kusuka mota nilijifundisha mwenyewe kwa kufumua mota mbovu na kuhesabu mizunguko ya waya, na miaka ishirini na sita mtu akiniletea mota iliyokufa namwambia imekufa, sijamla mtu hela ya uongo hata siku moja, waulize Kikinda yote, wananiita mkali, sawa, mkali, lakini hakuna anayeniita mwongo... na ndiyo maana jana usiku nimegombana na Ljubinka, mke wangu, alikuwa anapiga pasi shati hili, akasema, "Živane, nakuomba, kesho usiende ukajifanya hakimu. Ukiulizwa, toa ulichofundishwa, chukua risiti, rudi nyumbani." Nikamwambia ile sentensi aliyotukaririsha Lajoš kuhusu lugha ya nyumbani kwetu ni uongo. "Si uongo," akasema, "ni fomu." Nikacheka, naye akacheka, halafu akasema bila kucheka kwamba Borivoj hatangoja, na kweli Borivoj hatangoja, ana karakana yake Graz, kule Austria, ameniwekea nafasi mpaka Machi, barua ya kazi ipo humo kwenye bahasha, anataka mtu mwenye pasipoti inayoeleweka Ulaya, siyo mgeni wa siku tisini anayejificha chooni wakaguzi wakija, na Kikinda mota ikiungua siku hizi wanaitupa wananunua ya Kichina, tangu Septemba nimesuka nne, nne tu, na mbili zilikuwa za shemeji... kwa hiyo sentensi ninayo, nimeikunja chini ya ulimi, nyumbani kwetu siku zote tulizungumza Kihungari, bibi yangu alinifundisha, nami nakienzi, na nikishaitema tu yamekwisha... dirisha la pili kuna bwana mmoja wa darasa letu, anaulizwa ana ndugu wangapi, namsikia anajibu, "Naishi Kikinda na ninapenda sana utamaduni," na afisa anamwambia polepole, "Nimeuliza idadi, baba," na bwana anasema, "Sana," Mungu wangu, sana, na hapo ningecheka siku nyingine, lakini Réka ameinua macho kwangu anauliza, kawaida tu, kama mtu anayeulizia habari za mvua, "Asubuhi umekula nini?" na hili silo alilotufundisha Lajoš, yeye alitufundisha mji, familia na hali ya hewa, lakini nimejibu kabla sijafikiri, nimekula kimkate na kimafuta na kipilipili cha paprika juu yake, na nikanywa kimaziwa, na tazama, kalamu yake imesimama hewani, ananiangalia vingine, "Wewe hiki hukukipata darasani," anasema. Nikasema darasani nilienda, miezi minne. "Hapana, wa darasani wanaongea kama gazeti. Wewe umesema kimkate. Umesema kimaziwa." Sikujua kuna namna nyingine ya kusema. "Watu wazima wanasema mkate, baba. Kihungari chako ni cha kweli, nakusikia, cha huko Ada kabisa, bibi yangu mwenyewe anavuta maneno hivyohivyo. Ila ni cha mtoto wa miaka kumi, kumi na moja. Ilikuwaje kisikue?" Kumi na moja, amesema, kama fundi aliyegusa waya mmoja akajua ni upi ulioungua, na hajui alichogusa, anauliza kwa wema tu, kalamu juu, anangoja, na mimi sentensi ninayo, siku zote tulizungumza, siku zote, iteme Živane, ni fomu... ilikuwa Novemba, darasa la tano, tumesimama kwenye geti la shule, kina Svetozar na mimi, tukisubiri kengele, na mimi ndiye mkubwa wa kundi wiki ile kwa sababu nilikuwa nimempiga mtu, na nikamwona bibi anakuja na kitambaa chake cheusi na sketi zake tatu moja juu ya nyingine na viatu vya uwani, matope mpaka kwenye vifundo, ametembea kilomita mbili kwa sababu nilisahau chakula, mkate umefungwa kwenye taulo ya jikoni, na toka mbali anaita, nyota yangu, kanyota kangu, umesahau kimkate chako, kwa lugha yake, kwa sauti yake yote, hakujua kuita kwa sauti ndogo, na Svetozar akasema, "Huyo kuku wa nani anayetaga?" wakacheka wote, akaniuliza, "We Živane, anakuita wewe?" na mimi nikasema, sikuyumba hata kidogo, nikasema, "Simjui. Mhungari tu, amepotea." Na yeye Kiserbia alikuwa anakielewa, hilo watu husahau, kuongea kulimshinda lakini kuelewa alielewa kila kitu, akasimama, akaniangalia, halafu, sijui nimsamehe vipi kwa hili, akanisaidia, akageuka kwa mlinzi wa geti akamuuliza kwa Kiserbia chake kilichovunjika njia ya kwenda sokoni, kama mtu aliyepotea kweli, akaenda, na mkate akaenda nao, na mimi nikashinda njaa hadi saa nane nikijiona mwanamume... na jioni ningeweza kunyamaza, ingeishia pale, lakini mimi mtu wa kusema wazi, nikamfuata jikoni nikamwambia wazi, usiniite vile mbele za watu, usiongee nami lugha hiyo tena, hapa si Ada, na yeye alikuwa anamenya viazi, hakugeuka, akasema, "Haya," kwa Kiserbia, neno moja, na akalitimiza, hilo ndilo, angelisahau siku mbili tatu ningekuwa na pa kujitetea, lakini alilitimiza miaka kumi na mitatu, na mimi peke yangu ndiye niliyenyimwa, paka alimsemesha Kihungari, maua aliyasemesha Kihungari, mimi nilipewa kile Kiserbia chake, maana Kiserbia kina maneno ya kike na ya kiume na chake hakina, basi marehemu mume wake alimtaja kwa ya kike, shangazi alimtaja kwa ya kiume, na sisi mezani tunashika mbavu, mimi nikicheka kuliko wote, bibi sema tena, sema tena babu kafanyaje, naye alisema tena, ili tucheke... basi hapo ndipo Kihungari changu kilipolala, binti, jikoni, kando ya maganda ya viazi, ndiyo maana hakijui mkate, kinajua kimkate, wala neno la kodi hakijui, wala mkopo, wala kilio cha mtu mzima, kilibaki na umri ule ule... anauliza, "Baba, umenielewa?" nimeitikia kwa kichwa kwamba ndiyo, kalamu bado iko juu, na nyuma kuna mtu amekohoa kile kikohozi cha foleni, na hata hilo la getini naweza kulieleza, mtoto ni mtoto, kila mtu ana geti lake, lakini mwaka wa themanini na tisa sikuwa mtoto, nilikuwa na miaka ishirini na minne, nimetoka jeshini, nimevaa koti jipya, na yeye amelazwa wodini na Kiserbia kimemtoka chote, kimeondoka kama nguo ya kuazima iliyorudi kwa mwenyewe, amebaki na chake, na ameniona mlangoni akanyoosha mkono akasema kitu, na muuguzi, mama mpole, akaniuliza, "Anasemaje, mwanangu? Tangu asubuhi tunahangaika kumwelewa," na wodi ina vitanda sita, na wageni, na maua kwenye chupa, na mimi nikasema, "Sijui. Anaweweseka." Alikuwa anauliza kama nimekula. Maneno mawili, umekula kitu, mtoto wa miaka mitatu angeelewa, nami nilielewa, na nikasema sijui, mimi nisiyesema uongo, mimi ambaye Kikinda yote... na kumbe hata mota zote zile nilizowaambia watu zimekufa, ule ukweli wote nilioutembeza kama medali kifuani, haukuwahi kunigharimu kitu, ulikuwa ukweli juu ya vitu vya watu... na sasa nimekuja kuchukua pasipoti kwa jina lake, nimekuja kumtoa kaburini anibebe mpaka Graz, na sentensi ipo chini ya ulimi, tamu, laini, siku zote tulizungumza, na nikiisema huyu binti ataiandika na kugonga muhuri, na itakuwa mara ya tatu nimemwambia mtu simjui, maana yule wa kwenye sentensi, yule bibi aliyezungumza nami siku zote, simjui kweli, hakuwahi kuwapo, mimi ndiye nilimzuia asiwepo. Hapana. Ljubinka atanisamehe au hatanisamehe. Nitamwambia huyu ilivyokuwa, nilimkataza, nilikuwa na miaka kumi na moja, nikamkataza, maneno hayo ninayo, yote ya kitoto na yanatosha, mimi, bibi, shule, mkate, nyamaza, lakini kwa nini, ataniuliza kwa nini, na hapo pamekatika, neno lenyewe sina, Lajoš hakutufundisha kwa sababu nani anaenda kuomba uraia na neno hilo, nalitafuta jikoni, kwenye meza, chini ya benchi, na ninalolipata ni la amri tu, alilokuwa akinirushia nilipovuta mkia wa paka au kuiba maboga ya jirani, ona haya wewe, ona haya, namna hiyo peke yake ndiyo ninayoijua, ya kuambiwa, sijui linavyosemwa na mwenyewe, watu hawa hukata mkia wa neno na kubandika mwingine, ninao mkia wa nilianguka, ninao mkia wa nilikula, basi nitang'oa mkia wa nilikula niubandike hapo, litakuwa bovu, atacheka tena labda, au ataandika kwamba huyu lugha haimtoshi, aandike, Réka anainama kidogo karibu na kioo, kalamu juu, rundo la karatasi lote bado liko wazi mbele yake, hakuna kilichoandikwa, na mimi nimefungua mdomo na neno halijatoka bado, linajikunja, linatafuta mwisho wake, nilione... nikaone... haya...