Kanda ya Tano ya Mbwa wa Gati

Hisae Tominaga alikuwa mpishi wa chakula cha shule kule Amagasaki, Japani. Kwa miaka ishirini na mbili watoto mia nne walikula wali na supu yake kila siku, na hakuna aliyejua kwamba mama yule wa kofia nyeupe alikuwa na kanda za video mia sita na kumi na mbili za filamu za majambazi nyumbani kwake.

Wala hazikuwa filamu za majumba ya sinema. Hizo Hisae alizidharau. Alipenda zile za miaka ya tisini zilizotengenezwa mbio mbio, wiki mbili kazi imekwisha, zikaenda moja kwa moja kwenye rafu za maduka ya kukodisha kanda. Ndani yake wanaume wenye suti pana na mashati ya maua walifokeana, wakakatana vidole, wakamlilia bosi wao, kisha wakafa mvuani. Kanda hizo zilijaza kabati la magodoro, magodoro yakahamia sebuleni, na mumewe, Kiyotaka, akawa anakunywa supu ya asubuhi huku ameegemea mablanketi.

Kiyotaka alikuwa fundi wa kurekebisha sauti za piano, mtu mpole ambaye akiona samaki anapasuliwa hutafuta mahali pa kukaa. Hakuwahi kutazama hata kanda moja. Lakini wanasema ukikaa karibu na waridi utanukia, na Hisae alikuwa amekaa karibu na majambazi. Siku Kiyotaka akisahau kutoa taka, mkewe humsogelea polepole na kumwambia kwa sauti ya chini, "Kiyotaka. Tuyamalize hapa hapa, au tukayamalizie bandarini?" Na Kiyotaka hutoa taka.

Hisae alikosa kitu kimoja tu duniani: kanda ya tano ya *Mbwa wa Gati la Tatu*. Zilitoka kumi na mbili, na kumi na moja alikuwa nazo. Kampuni iliyozitengeneza ilishakufa, na hakuna aliyejishughulisha kuzitoa tena. Mwisho wa ya nne, shujaa anachomwa kisu. Mwanzo wa ya sita, yuko mzima na ameoa. Kwa miaka kumi na tano Hisae hakujua kilichotokea katikati.

Basi Novemba moja akasikia kwamba duka la mwisho la kukodisha kanda katika mji mmoja mdogo wa milimani, mkoa wa Tottori, lilikuwa linafungwa. Akamwambia mumewe, "Twende tukaoge kwenye chemchemi za maji ya moto, tupumzike." Kiyotaka alifurahi hata akapiga mluzi. Hakujiuliza kwa nini kwenye buti ya gari kulikuwa na mashine ya kuchezea kanda iliyofungwa ndani ya taulo.

"Hapa si penye maji ya moto," alisema walipoegesha.

"Yapo karibu. Dakika mbili tu."

Mwenye duka, Mzee Iwakiri, alikuwa amekaa nyuma ya kaunta, kavaa sweta mbili. Hisae hakupoteza muda. Alipita rafu kwa rafu, na kule nyuma kabisa akaliona: kasha la namba tano, mbwa mweusi na bunduki, rangi bado haijapauka. Alilishika kwa mikono miwili. Lilikuwa jepesi mno. Akalifungua.

"Mzee! Kanda yake iko wapi?"

Iwakiri akavuta daftari, akalamba kidole, akafungua kurasa taratibu. "Imeazimwa."

"Lini?"

"Mwaka wa tisa wa enzi ya Heisei. Mwezi wa pili."

Kiyotaka akahesabu kwa vidole. "Mzee wangu, hiyo ni miaka ishirini na sita."

"Ndiyo. Amechelewa kidogo," alisema Iwakiri. "Ni Muneoka, muuza tofu, ng'ambo ya daraja. Mimi simwendei. Yule bwana alicheza ndani ya hiyo filamu. Alikuwa mkono wa kulia wa bosi. Aliua watu tisa kwa upanga. Mji mzima unajua, na ndiyo maana tulimfanya mkuu wa kikosi cha zimamoto."

Macho ya Hisae yaling'aa. Kiyotaka aliyaona, akajua maji ya moto yameshapoa.

Muneoka alikuwa pande la mtu, mabega kama mlango, na kovu shavuni. Alikuwa anatoa vipande vya tofu, ile jibini laini ya soya, majini kwa viganja, kwa upole kama mtu anayembeba mtoto aliyelala. Hisae aliinama hadi kiunoni.

"Kaka mkubwa Muneoka," alisema, kama wasemavyo kwenye filamu zake. "Nimetoka mbali. Nimekuja kuiona kanda ya tano."

Tofu ikamponyoka.

"Ilipotea," alisema Muneoka. "Mafuriko. Tena moto. Kwanza mafuriko, halafu moto."

Mkewe, Chizuru, mwanamke mdogo mwenye sauti kubwa kuliko duka lenyewe, akatokea na ndoo. "Mafuriko gani? Si ipo kwenye madhabahu ya wazee, nyuma ya picha ya marehemu babako! Kila mwaka naifuta vumbi!"

"Wee mwanamke!"

"Nimekosea nini? Nimeolewa na mwigizaji miaka thelathini, sijamwona akiigiza hata siku moja. Eti mashine imeharibika, eti leo kichwa kinauma. Mama, wewe huna mashine?"

"Ninayo kwenye gari," alisema Hisae.

Kiyotaka akamgeukia mkewe. "Kwenye gari? Kwenye *hili* gari letu?"

Hisae alikuwa ameshatoka kwenda kuichukua.

Wakakaa wanne mbele ya televisheni, miguu chini ya blanketi linalofunika meza yenye hita. Muneoka alikuwa amejikunja, lile pande la mtu limekuwa kama furushi. Kanda ikaanza kuzunguka. Shujaa akatolewa kisu na daktari wa mifugo, na yule daktari ndiye aliyekuja kuolewa. "Kumbe!" alipiga kelele Hisae, akimgonga mumewe begani. "Kumbe ni daktari wa ng'ombe!" Kiyotaka alikuwa amefunika uso kwa viganja, lakini Hisae aliona vidole vimeachana.

Dakika ya arobaini na moja, majambazi kumi wakavamia soko la samaki wakiwa na panga. Wa sita alikuwa kijana mwenye mabega kama mlango. Akanyanyua upanga, akafungua kinywa kutoa ukelele, akakanyaga ngisi, miguu ikaenda juu, akatumbukia baharini chali. Hakuna aliyekuwa amemgusa. Filamu ikaendelea bila yeye.

Muneoka alisema akitazama blanketi, "Haikuwa imepangwa. Niliteleza kweli. Waliiacha kwa sababu hawakuwa na fedha ya kurudia." Akavuta blanketi hadi kidevuni. "Mimi niliwaambia watu kabla haijatoka kwamba nimeua tisa. Ilipofika dukani nikaiona, nikaona nitaweka wapi uso wangu. Nikaiazima kabla ya wengine. Kovu lenyewe ni la baiskeli."

Chizuru alitoa sauti kama birika linalochemka. Wote walidhani analia. Kisha akaanguka ubavu, akicheka hadi akakosa pumzi, akipigapiga mkeka. "Irudishe nyuma!" alisema alipopata pumzi. "Mama, nakuomba, irudishe nyuma!"

Wakairudia mara saba. Ya tatu, Kiyotaka alicheka. Ya tano, Muneoka mwenyewe alisema kwa aibu, "Lakini angalieni upanga. Sikuuachia." Na kweli, mkono wake ulizama mwisho, umeshika upanga wima.

"Hilo ni la kiume, kaka," alisema Hisae kwa dhati, na Muneoka akanyoosha mgongo.

Jua lilikuwa bado juu walipovuka daraja wote wanne kuirudisha. Muneoka aliiweka kwenye kaunta, akainama.

Iwakiri aliigeuza huku na huku. "Umeirudisha mwanzo?"

"Nimeirudisha."

"Vizuri. Nimeifuta daftarini." Akamtazama Hisae. "Sasa naweza kukuuzia."

"Haiuzwi!" alidakia Chizuru, akaikamata kanda na kuikumbatia. "Mume wangu ni huyu mmoja, na anaanguka mara hii moja tu."

"Dada, nimeitafuta miaka kumi na tano," alisema Hisae, na sauti yake ilikuwa imeteremka, ile ya bandarini. Lakini Chizuru hakuwa Kiyotaka, wala hakurudi nyuma hata hatua. Wanawake wawili wakatazamana jicho kwa jicho kati ya rafu, na wanaume watatu wakajikuta wanasoma matangazo ukutani.

Kiyotaka ndiye aliyesema, bila kugeuka. "Kasha nalo?"

Wakagawana hivyo. Chizuru alichukua kanda bila kasha, Hisae akachukua kasha bila kanda, na kila mmoja akatoka akiamini amemhurumia mwenziwe. Hisae alinuna njiani kurudi, hadi mji wa Himeji. Kwa mkusanyaji, kasha tupu ni kama sufuria bila wali, na alilisema jambo hilo mara kadhaa njiani.

Ila sasa kila Novemba yeye na mumewe hupanda milimani na mashine yao, na Chizuru huchemsha tofu. Muneoka hakuondolewa zimamoto. Mwaka wa pili alikialika kikosi kizima kije kitazame, na akasimama mwenyewe mbele ya televisheni kukieleza kuhusu yule ngisi. Kiyotaka hutaka waanzie kanda ya kwanza. Anasema bila hivyo mtu hamwelewi vizuri yule daktari.