Mipakaya ya Eulalia Xol

Eulalia Xol alikuwa jikoni akipiga ute wa mayai kwa uma, ukiumuka na kuwa mweupe, mipakaya ilipoingia uani. Iliingia kwa mstari, mirefu mbele, kama kawaida yake. Mpakaya ni jamaa mdogo wa mnazi, shina lake lina pingili kama mwanzi, na mizizi yake huchomoza juu ya udongo kama vidole vya miguu. Hutembea polepole, lakini hauchoki.

Aliyeipanda ni mama yake, upande wa pili wa kilima, kwenye kivuli cha miti mikubwa. Shamba la kahawa lilipokinyakua kilima, watu walisukumwa ng'ambo ya uzio wa waya, na mipakaya ikawa mali ya shamba. Msimu uliofuata ikaanza kuja kwa Eulalia kila alasiri, na kurudi kabla jua halijatua.

Eulalia akachukua kisu, akakata makarara machanga ya miti dume. Majike aliyaachia yazae mbegu. Akayapasua makarara, akatoa maua yaliyolala ndani kama mahindi machanga, akayachemsha na kumwaga maji ili kupunguza uchungu, si kuumaliza. Asiyetaka uchungu, alizoea kusema, akale tambi. Kila Sikukuu ya Watakatifu wanawake walikuja hata kutoka mjini Cobán kuonja maua hayo, pakaya zake, na hakuna aliyewahi kuzipika zikawa kama za kwake. Yeye mwenyewe alilijua hilo, wala hakujifanya halijui.

Siku hiyo msimamizi wa shamba, Bwana Leopoldo, alikuja nyuma ya miti. Alikwisha kuongeza waya mara mbili, na miti ikaupanda na kuupita. Akavua kofia, akaketi.

“Mama Eulalia, miti hii ni ya shamba.”

“Nani kakataa, bwana? Imekuja kutembea tu.”

“Na makarara je?”

“Hayo yanataka mkono. Kwenu yanaozea mtini.”

Eulalia akamwekea pakaya zilizokaangwa ndani ya mayai, na mchuzi wa nyanya na chapati za mahindi. Msimamizi akala, akaomba tena. Alipomaliza alisema kwamba waya unaichania miti majani, na kuanzia leo itafunguliwa lango.

“Na mimi nitafunguliwa?” Eulalia akauliza. “Nataka kupaona alipopanda mama.”

Msimamizi alitazama sahani. Akasema hilo halikuwa mikononi mwake. Mwenye shamba angeruhusu mali yake ipite, si watu wa nje.

Jua lilipoelemea magharibi Eulalia alijitanda shali yake nzuri, akaisindikiza miti mpaka langoni, shingo juu, kama mama wa bibi harusi. Mlinzi akafungua. Mipakaya ikapita mmoja mmoja, majani yakimgusa Eulalia bega.

Wa mwisho ulikuwa mche wa kimo cha goti, uliozaliwa na mbegu iliyoangukia uani kwa Eulalia. Mlinzi akauzuia kwa fimbo.

“Huu si wa shamba,” akasema.

“Si wa shamba,” Eulalia akaitikia. “Huu ni wa kwangu.”

Lango likafungwa. Mche ukageuka, nao wawili wakateremka kilima, Eulalia akipunguza hatua ili usiachwe nyuma.