Nailoni Chini ya Shaba

Ukumbi wa maskauti pale Townsville ulikuwa na joto la kuchemsha ubongo, na feni za dari zilikuwa zinalizungusha tu. Ndivyo walivyotaka. Klabu ile hushindana Januari makusudi, jua likiwa kali, waone nani ataweza kuilazimisha prosesa ya kompyuta yake ikimbie kupita ilivyoundwa bila kuiunguza.

Kerrin Duthie alikuja na jipya. Rejeta yake aliizamisha kwenye sanduku la kupozea bia lililojaa barafu, ili maji yapoe humo kabla ya kurudi kwenye prosesa. Watu wakasogea kutazama. Akawasha. Punde namba nyekundu zikapanda kwenye kioo na mashine ikajizima yenyewe. Akawasha tena, ikajizima tena. Barafu tele, na prosesa inatokota!

"Maji hayatembei," alisema Kerrin, uso umemwiva. Pampu ya kuyasukuma alikuwa ameazimwa na Nevin Sciacca, rafiki yake wa siku nyingi na mtu pekee aliyewahi kumshinda. "Nevin, umenipa mkweche. Na ulijua."

"Pampu nzima ile, Kez."

"Nzima! Ungenipa nzima ungenishindaje?"

Mtu mmoja akaguna. Nevin alichomoa nyaya zake, akaibeba mashine yake hadi kwenye gari, akaenda zake. Kerrin akajiona amemaliza maneno.

Kisha akaanza kufungua. Alilegeza skrubu za kile kibao cha shaba kinachokaa juu ya prosesa na kunyonya joto lake, akakigeuza. Chini yake nailoni ya kiwandani ilikuwa bado imebandikwa, imejikunja kwa joto, na maandishi yake yanasomeka vizuri: bandua kabla ya kufunga.

Damu ilimshuka hadi kwenye nyayo. Kosa lile ni la wanagenzi. Kila mgeni klabuni hutaniwa kwalo, na mtani mkuu ni Kerrin mwenyewe, anayepita meza hadi meza akiuliza, "Umeivua soksi, bwana?" Leo hakuna aliyethubutu kumuuliza yeye.

Angeweza kupiga kelele palepale na kucheka na wenzake. Badala yake alitazama kushoto na kulia kama mwizi wa kuku, akaibandua, akaisokomeza mfukoni, akapaka dawa mpya ya kupitisha joto na kufunga. Mashine ikakimbia, namba zikatulia kwenye kijani. Ukumbi ukashangilia.

"Umeifanyaje?" aliuliza Glenys, mwenyekiti wa klabu, koleo la soseji mkononi.

"Nimeichokonoa pampu kidogo."

"Kumbe kweli ilikuwa mbovu! Nevin naye, jamani. Mtu mzima!"

"Ndo hivyo," alisema Kerrin, na akajichukia. Alipewa mkate wenye soseji na vitunguu, akautafuna weee, haushuki.

Alasiri Nevin akarudi. Shati limelowa maji ya mashine, mkononi ana pampu ambayo mipira yake bado inadondoka. Akaiweka mezani mbele ya Kerrin.

"Chukua hii. Nimeitoa kwenye yangu. Ile nyingine sikuipima kabla ya kukupa, pengine kweli imechoka. Mimi mwaka huu basi. Sitaki iwe nimekushinda kwa hila."

Kerrin alitamani sakafu ipasuke. Glenys alikuwa amesimama pale pale, anasubiri kuona nani ataomba msamaha.

"Pampu yako haina ubovu, Nev," alisema Kerrin. Akaitoa nailoni mfukoni. "Sikuivua soksi."

Kicheko kililipuka hadi watu wa nje wakachungulia. "Kerrin? Kerrin huyu huyu?" Mmoja alijipigapiga mapaja. Kerrin alikipokea kicheko chote, na kidogo kilimpa nafuu. Kisha akaona kwamba Nevin hacheki.

"Uliiona lini?"

"Kabla ya chakula."

Kicheko kikakatika.

"Kabla ya chakula," alisema Nevin taratibu. "Mimi nyumbani nafungua mashine yangu vipande vipande." Akaichukua pampu yake, akaifuta kwa pindo la shati. "Na namba yangu ya simu unayo."

"Ninayo," alisema Kerrin.