Ubao Mgongoni mwa Harlan

Gus Pruitt aliwahesabu mara mbili pale walipoegesha magari, akapata tisa mara zote mbili, akaridhika. Alikuwa daktari wa meno miaka thelathini kabla hajawa mwenyekiti wa chama cha watembeaji, na kuhesabu kulimganda. Kisha akawaamuru wote wachomeke suruali ndani ya soksi, maana Juni ni mwezi wa kupe. Watu wa mjini wakachomeka. Verna Giberson hakuchomeka, wala Harlan Estlow, kwa kuwa wao walizaliwa humo humo msituni na waliona aibu kuvaa kama wageni.

"Kupe wa huku wananijua," Harlan alisema. "Walishanionja wakanitema."

"Hata mbu wamekususa," Verna akamjibu. Lakini macho yake yalikuwa kwenye begi la Harlan. Kilichokuwamo kilikuwa kipana na bapa, kimefungwa taulo na kamba, na pembe yake moja ilichungulia nje.

"Umebeba nini, mlango?"

"Utakiona tukifika kwenye dohani. Usiniulize, utaniharibia."

Harlan hakuwahi kuweka siri hata siku moja maishani mwake. Hawajamaliza nusu maili, akamsogelea Verna na kumwambia kwa sauti ambayo yeye aliidhani ndogo. Ni ubao wa mwerezi. Amekaa nao majira yote ya baridi, anauchonga kwa patasi, herufi moja moja. Leo, watu wakikaa kula pale penye kibanda chake kilichoungua, ataupigilia kwenye dohani, lile bomba la moshi la matofali lililobaki, mbele ya wote.

"Nimeandika hivi: Moto ulichukua nyumba hii. Verna Giberson akauzuia usichukue kijiji. Unaonaje? Nilitaka kuongeza maneno, ila mwerezi uliisha."

"Herufi nyingi hizo," Verna alisema.

"Mkono mzima umeniuma. Wewe usilie tu mbele ya watu."

Verna akatazama njia. Ilikuwa njia ya mchanga mweupe, na pande zote misonobari myeusi kuanzia shinani hadi kileleni, ila kila shina lilikuwa limechipua majani mabichi moja kwa moja kutoka kwenye gome, kama mzee aliyeota nywele masikioni. Wageni walipiga picha. Verna alikuwa anapiga hesabu ya mwendo. Hadi kwenye dohani zilibaki maili tatu.

Miaka ishirini na sita alikuwa mlinzi wa moto wa eneo lile. Dawa ya moto ni moto, na huko si msemo tu, ni kazi yenyewe: moto mkubwa ukija, mlinzi huchagua barabara, hushika kopo lake la mafuta lenye ulimi wa moto, na kuanzia ukingo wa barabara ile huchoma kuelekea kule moto unakotokea, ili ukifika usikute cha kula. Kila kilicho nyuma yake hupona. Kila kilicho mbele yake hakina mwenyewe tena. Mwezi wa Aprili mwaka uliopita, moto ulipotoka magharibi na upepo nyuma yake, Verna alikuwa na barabara mbili za kuchagua. Ya mbali ni Barabara ya Mkaa. Ya karibu na kijiji ni Barabara ya Kinu. Katikati ya barabara hizo hapakuwa na kitu isipokuwa kibanda cha wawindaji alichokijenga baba yake Harlan: vitanda sita, jiko la kuni, na vikombe sita kwenye misumari, kila kimoja na jina la mwenyewe. Wanne kati ya wenye vikombe walikuwa wameshakufa, na hakuna aliyethubutu kuvitungua.

Verna alichagua ya karibu. Kijiji kilipona chote, hata mabanda ya kuku. Siku ya pili Harlan, aliyekuwa amelazwa hospitali kwa ajili ya goti, alimpigia simu na kumuuliza: "Mlikuta kibanda kimeshakwenda na moto?" Verna alikuwa hajalala saa thelathini. Akasema, "Kilikuwa kimeshakwenda." Basi. Maneno mawili. Tangu hapo kila Ijumaa Harlan humwekea mlangoni kasha la mayai, na Verna huyala, na makasha matupu huyarundika jikoni.

Njia ya mwongo ni fupi, husemwa, lakini ya Verna ilikuwa imefika miezi kumi na minne na haikuonyesha dalili ya kuisha. Mpaka Gus alipomwalika Kaylee.

Kaylee alikuwa mwanafunzi wa misitu kutoka chuo kikuu, msichana mrefu mwenye daftari, na kazi yake siku hiyo ilikuwa kuwaeleza watembeaji mambo ya kuungua. Alieleza vizuri, na hilo ndilo lililomuudhi Verna. Aliwasimamisha penye msonobari mmoja akawaambia wauzunguke.

"Tazameni weusi unapofika. Upande huu unaishia kiunoni kwangu. Upande wa pili je?"

"Umepanda juu kuliko mimi," Gus alisema.

"Ndiyo. Moto ukilipita shina, ndimi zake hukutana nyuma yake na kupanda. Kwa hiyo weusi mrefu huwa upande ule moto ulikokuwa unaelekea. Hapa mrefu uko mashariki, maana yake moto ulitoka magharibi. Mti hausahau. Na haudanganyi."

Wageni wakafurahi kama watoto waliofundishwa kusoma. Kila mti wakauzunguka. "Mashariki!" "Na huu mashariki!" Mama mmoja aliyevaa kofia ya maua aliukosea mmoja, akachekwa. Harlan naye aliingia mchezoni, akawa anasoma miti kuliko wote, kwani mtu aliyewinda kulungu tangu ana miaka tisa hahitaji kufundishwa alama mara mbili.

Walivuka kijito chenye maji mekundu kama chai ya rangi. Harlan alikaa jiweni kupumzisha goti, Verna akakaa karibu naye, wengine wakiwa wameshatangulia. Hapo palikuwa pazuri pa kusema. Hapakuwa na mtu. Verna alifungua mdomo.

"Huo ubao, si ungeniachia nikubebee kidogo?"

"Niue kwanza," Harlan alisema, akasimama.

Woga ni kitu cha ajabu. Mwanamke huyu aliwahi kuingia na gari katikati ya moshi akiwa haoni hata boneti yake, na hakupunguza mwendo.

Baada ya Barabara ya Mkaa walitembea robo maili zaidi, kisha Kaylee akasimama. Akauzunguka mti. Akauzunguka mwingine. Akafungua daftari.

"Hapa pamegeuka," alisema. "Weusi mrefu uko magharibi. Moto huu ulitoka upande wa kijiji."

"Haiwezekani," Gus alisema. "Moto haugeuki njiani kurudia miwani."

"Upepo!" Harlan akadakia. "Siku ile upepo ulizunguka, binti. Madaftari yenu hayaandiki upepo. Muulizeni Verna, alikuwepo."

Wote wakamgeukia. Harlan alikuwa anatabasamu, amejaa fahari, kana kwamba ushahidi wa Verna ni mali yake mwenyewe.

"Kulikuwa na upepo mwingi," Verna alisema.

Na kweli ulikuwepo. Kaylee alimtazama muda mrefu kidogo kuliko adabu inavyoruhusu, kisha akafunga daftari bila kuandika. Alikuwa ameelewa. Verna akajichukia mbele ya msichana wa miaka ishirini na mbili, na chuki hiyo ilikuwa na ladha ya masizi.

Dohani ilisimama peke yake kwenye uwanja wa mchanga, matofali mekundu, na miguuni pake kulikuwa na jiko la kuni lililopinda kwa joto. Barabara ya Kinu ilionekana kutoka hapo, hatua mia mbili hivi. Watu wakakaa chini, wakafungua sandwichi na themosi za kahawa. Harlan hakula. Alitoa nyundo na msumari mmoja wa chuma, akatafuta mwanya kati ya matofali, akaupigilia mapigo sita. Kisha akafungua kamba, akavua taulo, akaunyanyua ubao. Ulikuwa mzuri. Herufi zilikuwa zimenyooka, na harufu ya mwerezi ilifika hadi walipokaa.

"Mimi si mtu wa hotuba," alianza.

"Harlan, usiutundike."

Aligeuka akicheka. "Nilikwambia usilie."

"Moto haukuchukua hiki kibanda. Nilikichoma mimi." Verna alikuwa amesimama, na sandwichi bado mkononi. "Niliwashia pale, Barabara ya Kinu. Binti anasoma vizuri. Upepo haukuzunguka."

Mama wa kofia ya maua aliacha kutafuna. Harlan aliushika ubao kifuani, kama mtu aliyefumaniwa bila shati.

"Ulikuwa na muda gani?"

"Dakika arobaini."

"Na kufika Barabara ya Mkaa?"

"Kumi na tano, kama mchanga haujalegea."

"Ulikuwa umelegea?"

"Sikwenda kuutazama. Niliogopa gari likwame, kijiji kikaachwa bila mtu. Sikutazama, Harlan. Mlango wako niliuona kutoka barabarani, nikawasha."

Harlan akaushusha ubao. Alitazama jiko, akatazama barabara, akaipima ile mia mbili kwa macho. Kaylee alikuwa anachimba mchanga kwa ncha ya kiatu. Gus akafunga themosi yake.

"Kibanda ningekupa," Harlan alisema mwishowe. "Sikiliza, Verna. Ungenipigia pale hospitali ukaniambia chagua, ningekupa kibanda na kiberiti juu yake. Vikombe na vyote. Dada yangu anaishi kijijini, mjinga mimi? Lakini siku ya pili nilikuuliza. Nilikuuliza kwa mdomo wangu."

"Uliniuliza."

"Mwaka mzima nakushukuru. Watu wote dukani nimewasimulia. Umeniacha nasimulia."

Verna alijua ndivyo ilivyokuwa. Machozi yalimtoka, na hakuyafuta.

Harlan aliutazama ubao, akautazama msumari. "Msumari nimeshaupiga," alisema, kama anaongea na matofali. Akautundika ubao ukiwa umeelekea ukutani, herufi ndani, mgongo nje. Akausawazisha kwa kidole mpaka ukanyooka. Kisha akakaa mbali, akala sandwichi yake yote, goti lake akiwa amelinyoosha mbele yake.

Njia ya kurudi ilipita kijijini. Hakuna aliyesoma miti. Gus aliwahesabu kwa sauti ya chini, wakawa tisa. Penye kanisa Harlan alilifikia gari lake la mizigo, alilokuwa ameliacha hapo asubuhi, na Verna akasimama nyuma yake.

"Ijumaa..." alianza.

"Kuku watataga. Wao hawana ugomvi na mtu." Harlan alitupa begi tupu nyuma ya gari. "Lakini mlangoni kwako sileti tena. Ukiyataka, njia unaijua."

Ijumaa asubuhi Verna alikusanya makasha matupu ya mayai yaliyorundikana jikoni kwake, akayafunga kamba, yakawa mzigo wa kumfika kidevuni. Akenda nayo kwa miguu, watu wa dukani wakimtazama. Ilimbidi agonge mlango kwa kiatu. Alingoja muda mrefu, akasikia redio ikizimwa, akasikia goti lile likija polepole.

Harlan alifungua. Aliyatazama makasha, hakumtazama yeye.

"Miezi kumi na minne," alisema, "na hukuwahi kunirudishia hata moja."

Akageuka kurudi jikoni, na mlango hakuufunga.