Mchele Uliorudi Magandani

Asubuhi ya arobaini ya marehemu Muhidin, wanawake wa mtaa waliketi uani kwa mjane wake, Bi Siwema, pale Ifakara, kila mmoja na ungo mapajani, wakichambua mchele wa pilau. Ulikuwa mwaka uliofuata mvua za Elnino. Mbuke, jirani wa Kisukuma, ndiye aliyeona kwanza.

"Bi Siwema, mchele wako unavaa."

Bi Siwema, aliyekuwa katika eda, alisogeza pazia la mlango akatazama. Punje zilikuwa zikirudi ndani ya maganda yake, moja moja, bila haraka, kama watu wazima wanaovaa kanzu. Ndani ya magunia kulisikika mchakacho kama wa mchwa. Kabla jua halijapanda, nyumba nzima haikuwa na mchele. Ilikuwa na mpunga.

Chanzo alikijua. Mashine ya kukobolea mpunga iliyokuwa bandani, aliyoiendesha marehemu, haikuwa yao. Watengenezaji wake walikwisha kuacha kuuza mashine. Sasa waliuza ukoboaji. Mashine ilibaki mali yao, nao waliifungia kisanduku chenye tarakimu nyekundu, kilichosikiliza kila punje na kupeleka habari kiwandani kwa waya wa simu. Muhidin alipofariki, Bi Siwema alifunga banda, kama impasavyo mfiwa. Kisanduku kikasikia kimya.

Alimtuma shemeji yake, Ahmad, amlete wakala wa kampuni. Bwana Kelestini alifika kwa baiskeli, akavua kofia.

"Shikamoo, mama. Pole kwa msiba."

"Marahaba. Watu wa dua wanakuja baada ya adhuhuri, mwanangu. Niwalishe nini?"

"Mashine ikinyamaza sana, mama, huhesabiwa kuwa imetelekezwa, na huduma hurudi ilikotoka. Mpunga ni wako, hatuugusi. Ukoboaji ndio wetu."

"Nilifiwa."

"Najua, mama. Kisanduku hakijui."

"Na njaa yetu je?" aliuliza Mbuke. "Nayo ni ya kampuni?"

Kelestini alifikiri kidogo, akajibu kwamba njaa bado ni ya mtu binafsi.

Mashine nyingine za mjini zilikuwa na visanduku vilevile, kwa hiyo kililetwa kinu. Mbuke na jirani mwenzake, Yunis, walipokezana mchi hadi wakalowa jasho. Mpunga ulitoka kinuni kama ulivyoingia. Basi wakamenya kwa kucha, punje kwa punje. Punje zilizomenywa kwa kucha zilikubali kubaki uchi. Kelestini, kwa kuwa alilelewa vizuri, alikaa mkekani akawasaidia.

Wageni walipofika, kila mmoja alipata pilau ya kujaza kiganja. Walikula polepole, wakamwombea marehemu, wakaaga. Hakuna aliyeuliza sababu ya uchache wake.

Kelestini ndiye aliyeondoka mwisho. Alikuwa amekwisha kushika usukani wa baiskeli aliporudi mlangoni, kwa kuwa wajibu wake ulimtaka aseme.

"Kucha zilizomenya sasa zimo katika huduma, mama," alisema kwa upole. "Msizikate bila kutuarifu."

"Hata zako?"

"Hata zangu."

Bi Siwema alizigusa zake. Zilikuwa na joto, kama mashine iliyozimwa punde. Alizitumbukiza katika beseni la maji, akangoja zipoe, kisha akawaita wenzake waje waoshe masufuria.